Sauti Iliyoachwa Kisimani

Kwa miaka ishirini na miwili yule mwanamke wa kisimani alikuwa amewapa watu mgongo. Jumamosi moja, saa tisa mchana, jua linawaka na majirani wanaanika nguo, akageuza kichwa.

Ilitokea ndani ya gemu, tena gemu kuukuu. Nchi ya Minara ilitengenezwa enzi za kompyuta zenye mgongo mkubwa: watu wake wadogo kama punje za maharage, mazimwi yake yanatembea kwa kurukaruka kama vyura, na hakuna kiumbe hata mmoja mwenye sauti. Wakisema, maneno yao yanaandikwa chini ya skrini, basi. Mwanamke huyo alichorwa katika kijiji cha tatu, nguo ya kijivu, ameinamia kisima, na tangu gemu itoke hakuna mchezaji aliyembonyeza akajibiwa. Alikuwa pambo tu, kama maua ya plastiki mezani.

Aliyemwona akigeuka ni mtu mzima na ndevu zake, fundi wa mafriji, ambaye wenzake wa kundi la mtandaoni walimpachika jina la Kobe kwa jinsi anavyocheza taratibu. Mkewe, mkunga wa zahanati, alikuwa na jina lake jingine kwa ajili yake, ila hilo halisemeki mbele ya wageni.

Watu wa kundi lile wana wazimu wao. Gemu wameshaimaliza mara mia, kwa hiyo wanatafuta njia za ajabu za kuimaliza upya: mmoja bila kushika upanga, mwingine bila kulala, mwingine akitembea kinyumenyume kuanzia kijiji cha kwanza mpaka mnara wa mwisho. Kobe alijitwika kubwa kuliko wote. Alisema ataimaliza bila kuzungumza na mtu yeyote, hata salamu. Na ili asidhaniwe mdanganyifu, alifuta nakala zote za kurudi nyuma, akaapa kucheza na faili moja tu la kuhifadhi, lile ambalo gemu hulifuta na kuliandika upya kila unapopiga hatua. Ukikosea, umekosea. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanzoni mwa gemu unaumba watu wawili, wewe na mwenzako wa safari. Desturi ya kundi ni kumpa mwenzako jina la mtu wa nyumbani kwako, eti ili usimwache afe kizembe. Kobe alimwita wake Chiriku, na Chiriku alikuwa binti yake, umri miaka tisa, mtoto wa pekee. Jina la kwenye cheti lilikuwepo, lakini nani alilikumbuka? Mtoto alikuwa na maneno huyo, akianza hadithi wakati wa kupiga mswaki asubuhi, unaikuta bado inaendelea wakati wa kulala.

Basi mwanamke wa kisimani akageuza kichwa. Uso wake haukuchorwa vizuri, vidoa viwili vya macho na mstari wa mdomo. Maneno yakajiandika chini, herufi moja moja.

"Umepita vijiji vitatu hujazungumza na mtu. Niachie sauti ya mwenzako, nikufungulie mlango."

Chini yake: Ndiyo. Hapana.

Kobe alisikia raha. Miaka ishirini na miwili, maelfu ya wachezaji, na yeye ndiye wa kwanza! Akapiga picha skrini, akaituma kundini. Majibu yakamiminika kama mvua ya mawe: "Bonyeza!" "Kobe, unangoja nini?" "Bonyeza bwana, utatuua!"

Akabonyeza Ndiyo.

Sebuleni, upande wa pili wa ukuta, Chiriku alikuwa akimsimulia mama yake habari za mwalimu aliyekalia chaki. "Basi mama, yule mwalimu akainuka, aka..."

Akanyamaza hapohapo.

"Akafanyaje?" mama akauliza, huku anacheka.

Mtoto alikuwa amefungua mdomo. Midomo ilikuwa inakwenda, ulimi unakwenda, mishipa ya shingo imemtoka kwa kujitahidi, na hakuna kilichotoka. Mama alidhani ni utani wake mpya. Kisha akaona machozi.

Daktari alimulika koo akasema ni safi. Wa pili akasema vilevile, akashauri mtoto apumzike. Lakini mkunga ni mtu wa hospitali, hakuhitaji kuambiwa kwamba mtoto asiye na sauti bado hukohoa, hupiga chafya, hulia kwikwi. Chiriku alikohoa bila mlio. Alianguka uani akachubuka goti, akalia kwa mdomo wazi, na uani pakawa kimya kama amelia ndani ya picha. Mama alimkumbatia, naye akalia kwa niaba ya wote wawili.

Kobe bado hakuunganisha mambo. Au tuseme ukweli: aliyaunganisha mapema, akaogopa kuyatazama.

Jumatano mchana alikuwa chumbani anatafuta bisibisi. Kompyuta ilikuwa imewaka, gemu imesimama palepale kisimani. Kwanza alisikia harufu, ya kamba iliyolowa, ya mawe yenye ukungu, ya maji yasiyoona jua. Akadhani bomba limepasuka. Akainama chini ya meza kutafuta maji, na akiwa ameinama hivyo, kichwa kiko karibu na spika, akamsikia binti yake.

"...kageuka, suruali yote nyeupe! Darasa zima tukacheka."

Ilikuwa sauti yake halisi, na kicheko chake cha kuvuta pumzi, ikitoka mbali kidogo, yenye mwangwi. Kobe alitoka chumbani kwa magoti.

Chiriku alikuwa sebuleni ameketi na daftari. Baba alipoingia alimwinulia ukurasa bila kuulizwa. Alikuwa ameandika: "Baba, najisikia naongea huko chini. Kuna baridi."

Hapo ndipo Kobe alipomwambia mkewe yote, kwa kunong'ona, amekaa sakafuni kama mtuhumiwa. Mkewe hakumpigia kelele, na hilo lilimuuma kuliko kelele.

"Rudi nyuma basi," alisema. "Hayo magemu yenu si yana kurudi nyuma?"

"Yana. Mimi nilifuta."

"Ulifuta kwa nini?"

"Ili watu waamini."

"Watu gani, baba Chiriku?"

Kobe alichukua simu. Akamwandikia yule wa kundini anayejiita Bwana Kufuli, mtu anayeweza kuifungua gemu na kusoma matumbo yake, akamwomba atafute maneno ya mwanamke wa kisimani ili wajue namna ya kumjibu. Jibu lilikuja baada ya saa mbili. "Kobe, nimepekua kila faili. Yule mwanamke hana maneno. Hana uso. Ni picha moja ya mgongo. Ile picha uliyotutumia umeitengeneza wewe?"

Kobe alisoma, akaipa simu kisogo.

Kesho yake mkunga alileta mtaalamu, mzee mwembamba wa miwani mizito aliyeitwa Mzee wa Simu, kwa kuwa ujanani alifanya kazi ya kuunganisha simu za watu kwenye ubao wa waya, kabla hajaanza kushughulika na majini. Hakuja na kibuyu wala manyoya. Aliomba kiti na glasi ya maji, akakaa mbele ya kompyuta, akatega sikio kwenye spika kama mtu anayesubiri laini ishike.

Alikaa hivyo karibu saa nzima. Alipoinua kichwa, uso ulikuwa umemsawijika.

"Mfukuze, mzee," Kobe alisema. "Chochote unachotaka nitafanya."

"Simfukuzi. Jini aliyevamia anafukuzwa. Huyu amepewa." Mzee alishusha sauti. "Aliomba, ukakubali, na mashahidi ulikuwa nao. Anayeweza kuvunja mkataba ni aliyeufunga au mtu wa nyumba yake. Nenda mkazungumze naye, mpe sauti nyingine badala ya hiyo."

"Nikichelewa?"

"Jana ulimsikia yuko umbali gani?"

"Kama... kama chumba cha pili."

"Mimi nimemsikia kwa taabu. Anashushwa. Akifika chini kabisa hatasikika tena, na huyu mliye naye hapa atabaki ganda tupu." Mzee alisimama, akaacha maji yake bila kuyagusa. "Jambo moja. Msikate umeme kabla hajarudi."

Hakuaga. Mlango ulipofungwa, Kobe aliketi mbele ya skrini na mkewe akasimama nyuma yake, na ingawa nje kulikuwa na mchana mweupe, na mtu wa jirani alikuwa anapigilia misumari na mtoto fulani anapiga mpira ukutani, ndani ya chumba kile kulikuwa na ubaridi uliopanda kutoka sakafuni, ukashika vifundo vya miguu, ukafika magotini, na harufu ya kamba mbichi ikawa nzito hata wakawa wanapumua kwa midomo.

Mwanamke wa kisimani alikuwa anawatazama. Safari hii hakuwa punje ya haragwe. Alijaa nusu ya skrini, na hakuna aliyemwona akikua.

Kobe alivunja nadhiri yake. Akambonyeza.

"Umekuja kusema," maneno yakajiandika. "Sema."

Pakatokea kisanduku cha kuandikia. Kobe akaandika kwa vidole vilivyokufa ganzi: Nirudishie sauti ya mwanangu. Chukua yangu.

"Yako ipi?"

Yangu mimi.

"Wewe huna. Tangu mwanzo wa safari umenyamaza, uliapa mbele ya watu kwamba wewe ni bubu, nami nimeandika hivyo. Bubu hana cha kuuza."

Kobe alipiga kelele. Alisimama akaitukana ile skrini, akaisihi, akaimba, ndiyo, aliimba, ili asikike kwamba anayo sauti na ni sauti ya kutosha, akapiga magoti akaweka mdomo kwenye spika akasema jina lake kamili na la baba yake na la babu yake, na kwa kila alichosema maneno yalijiandika yaleyale, huna, huna, huna, mpaka mkewe alipomshika bega na kumwambia anyamaze kidogo, kwa sababu alikuwa anajaribu kusikia, na hapo wote wawili wakasikia kutoka chini kabisa, nyembamba kama uzi, mtoto anaita mama.

"Toka kwenye kiti," mkunga alisema.

"Hapana."

"Toka, mume wangu."

"Wewe kazi yako ni sauti! Wanawake watazaaje wakiwa..." Alikuwa anasema kweli. Wazazi waliopita mikononi mwa mkunga yule walikuwa wakisema kwamba akianza kuongea nawe, taratibu, sikioni, uchungu unapungua nusu, na wapo waliosafiri kutoka mbali ili wazalie kwake tu.

"Wakunga wengine wapo," alisema. "Mama yake ni nani mwingine?"

Akaenda kwanza sebuleni. Kobe alimsikia akiongea na mtoto kwa ile sauti yake ya kupunguza uchungu, mambo ya kawaida kabisa, kwamba nywele zioshwe Jumamosi, kwamba asiogope giza, kwamba alipozaliwa alilia kabla hajatoka mwili wote na chumba kizima kikacheka. Akamwita jina lake la utani mara tatu, kisha lile la kwenye cheti mara moja. Akarudi macho makavu, akaketi, akaandika jina lake mwenyewe.

Ndiyo. Hapana.

Kobe alimshika mkono. Mkewe aliutoa kwa upole, kama anavyotoa mikono ya wajawazito inayomng'ang'ania, akabonyeza.

Ubaridi ulishuka. Mwanamke alirudi kuwa mdogo, akawageuzia mgongo.

Sebuleni, mtoto akakohoa.

Kikohozi kilikuwa na mlio! Mkunga aliruka, kiti kikaanguka, akakimbia. Kobe alibaki nyuma kwa jambo moja tu, akang'oa waya ukutani kwa mikono miwili, skrini ikawa nyeusi, ndipo akamfuata, na alipofika mlangoni na plagi bado mkononi alimkuta mkewe amepiga magoti katikati ya sebule, mikono ameitandaza, na Chiriku amesimama mbele yake anaongea kwa pupa, analia kwa sauti, kwikwi na yote.

"Mama, kulikuwa na giza, nilikuwa nakuita! Nilikuita sana! Mama, mbona unalia? Mbona husemi? Niite basi, mama. Niite!"

Mama alifungua mdomo. Midomo ilikwenda, shingo ilikwenda. Akajaribu tena.

Kutoka chumbani, kwenye spika zisizo na umeme, ikaja sauti ya upole iliyozoea kutuliza watu.

"Chiriku! Njoo, mwanangu. Njoo huku kwa mama."

"Abee, mama!" mtoto akaitikia, uso umemchanua kwa furaha, akapita pembeni ya mikono iliyomsubiri, akakimbilia chumbani.