Valvu Haifungi

Lori linakuja, na gari langu limezima katikati ya njia panda!

Honi! Breki! Dereva akatoa kichwa dirishani akanitukana mpaka basi.

Niliogopa, jamani. Ila si kwa ajili ya lori. Asubuhi ile nilimsikia mume wangu bafuni, ananong'ona kwenye simu:

"Valvu haifungi, najua. Lakini mke wangu asijue kabisa!"

Nyie! Mtu hajawahi hata kufungua boneti ya hili gari kuukuu, leo anajua valvu? Na siku hizi kila safari, "Endesha wewe, mimi nimechoka." Nikajisemea, huyu ananimaliza!

Nikaliwasha tena, nikalikokota hadi gereji.

"Fundi, nani kachezea gari langu?"

"Tulia kwanza, dada."

Akikanyaga mafuta, injini inatulia. Akiachia, inatetemeka, inataka kuzima. Akachukua bisibisi, akagonga valvu moja kwa mpini...

Injini ikatulia tuli!

"Mchawi wako huyu hapa. Kazi yake kurudisha moshi kidogo kwenye injini. Ilikuwa imekwama wazi, ukisimama tu injini inavuta moshi hadi inakabwa."

"Kaikwamisha nani?"

"Masizi, dada! Ona boliti zilivyoshika kutu. Hapa hajagusa mtu."

"Mume wangu alijua!"

"Alijuaje? Mimi mwenyewe nimejua sasa hivi."

Sikutaka kusikia. Nikarudi nyumbani nimefura. Nikamkuta ananipigia pasi nguo za kazini.

"Habari za valvu ninazo!"

Akaweka pasi pembeni. Akakaa. Machozi yakamlengalenga.

"Nani kakwambia? Daktari?"

Daktari?!

"Daktari gani? Mimi natoka kwa fundi!"

Akaushika mkono wangu, akauweka kifuani pake.

"Valvu ya moyo, mke wangu. Wanataka kunipasua. Niliogopa kukuona unalia."

Nililia, tena kwa sauti.

Wapendwa, ukisikia maneno nusu nyuma ya mlango, gonga uulize. Na wewe uliye ndani, usimfiche mwenzio ugonjwa. Mimi nilikuwa tayari kumwita muuaji mtu aliyekuwa anaumwa kimya kimya, huku ananinyooshea nguo.

Valvu ya gari fundi aliisugua, ikarudi siku ileile. Ya mume wangu, bado tunasubiri kuitwa hospitali.