Fundi Aliyemshusha Mkewe Garini

Ndugu zangu wa Luzira, nanyi mnaopitisha mizigo Port Bell, haya ninayowasimulia niliyaona mwenyewe, tena nikiwa nimekaa juu ya lori lenyewe. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, hasa ninyi wenye magari.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, hali ya hewa nzuri. Kwaya yetu ya akina mama ilikuwa inakwenda Lugazi kumzika mama wa mwenzetu. Kosta tuliyoikodi iligoma kuwaka, ndipo jirani yetu Obita, polisi mstaafu ambaye sote tunamwita Afande, akajitolea lori lake la kubebea simenti. Lilifagiliwa na kutandikwa mikeka. Mdogo wake Ocaya, ambaye ndiye dereva na anaishi kwake, alitushika mkono mmoja mmoja tukapanda. Sufuria ya matoke tuliiweka katikati. Bibiane, mwenye sauti kubwa kuliko sisi sote, alikuwa ameshaanza wimbo.

Mara akatokea mumewe, Zéphyrin, amemletea mkoba aliousahau nyumbani. Huyu ni Mkongomani, fundi wa malori kule Nakawa. Alipoona ni lori gani tumepanda, alisimama ghafla.

"Mama Guerschom, shuka," alimwambia mkewe.

"Nishuke juu ya nini? Tunaenda kuzika."

"Mi nasema shuka. Hii gari hapana."

Tulicheka, kwa kweli. Tulidhani ni wivu wa mume asiyependa mkewe asafiri. Lakini Afande Obita hakucheka.

"Wewe fundi, unaharibu jina ya gari yangu mbele ya watu," alisema. "Si ni wewe ulitengeneza? Ulisema iko sawa."

"Nilisema iko sawa ya simenti, Afande."

Hapo wimbo ulikatika.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtaelewa. Miezi michache kabla ya hapo, beringi ya gurudumu moja la nyuma ilikauka grisi. Ikakwama, ikaila ncha ya ekseli, yaani kile chuma ambacho gurudumu zima huzungukia. Chuma kikishaliwa hivyo, hata ukitia beringi mpya haishiki, inacheza tu. Dawa yake ni kuikata ncha ile na kuchomelea mpya. Lakini kazi hiyo ingelilaza lori karakana siku kadhaa, naye Obita aliogopa wateja wake wa simenti wangehamia kwa wengine.

Basi Zéphyrin akakata kopo la soda, akakizungushia bati lake kile chuma kilicholiwa, akaigonga beringi juu yake mpaka ikakaza. Jioni ile ile lori likarudi barabarani. Mtaa mzima tukamsifu. Tukampa jina la Fundi Kopo, naye akalipenda.

Fundi na Obita walijua kwamba bati lile ni la muda tu, lakini dereva hakuambiwa. Ocaya alilalamika mara kwa mara kwamba gurudumu lile linalia na kuchemka. Filda, mke wa Obita, aliwasikia wakibishana mezani.

"Omera, ile gurudumu inaunguza mkono," Ocaya alimwambia kaka yake, maana kwa lugha yao omera ni ndugu yangu.

"Unaogopa kama kuruti. Fundi alishaangalia. Endesha."

Siku zikapita, ndugu wawili wanaokula chungu kimoja wakafika mahali pa kutosalimiana asubuhi. Filda akawa wa kupeleka ujumbe kutoka chumba hadi chumba, kama karani, na maskini hakujua kosa ni la nani.

Turudi kwenye lori. Tulishuka haraka kuliko tulivyopanda, na matoke tukayasahau juu. Ocaya alikuwa bado ameshika mlango wa nyuma wa lori. Alimtazama fundi, kisha kaka yake.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi ni simenti?"

Zéphyrin akachukua jeki, akalivua gurudumu pale pale uani kwa Obita. Lile bati la kopo lilikuwa limesagika, limebaki vipande vyeusi. Beringi ilikuwa imegeuka rangi kwa moto, na chuma kimelika kiasi kwamba hata mimi, nisiyejua gari, nilielewa. Tungefika mteremko wowote, gurudumu lingetuaga. Fundi alikaa chini.

Filda, aliyekuwa ametoka ndani aliposikia kelele, ndiye aliyesema. "Kumbe nyinyi wawili mlijua. Huyu mtoto analala kwangu, kila asubuhi namwambia aende salama, na nyinyi mnanyamaza."

Obita, mtu aliyezoea kuamrisha, alimwendea mdogo wake na kumwomba radhi mbele yetu sote. Nilifurahi mno kuliona hilo, na sioni haya kusema nililia.

Sisi tulifika Lugazi kwa taksi, tumechelewa, lakini wazima. Lori nalo likalala karakana. Zéphyrin aliikata ncha iliyoharibika, akapitisha chuma kirefu kilichonyooka ndani ya ekseli ili ncha mpya isikae upande, kisha akaichomelea kidogo kidogo, upande huu na ule. Safari hii hakuna aliyemharakisha.

Siku ya kulijaribu, Ocaya hakukubali kupokea ufunguo bila sharti.

"Napokea," alisema, "lakini nyinyi wawili mnapanda nyuma, juu ya ile gurudumu."

Wakapanda, Afande na fundi, wakakaa bega kwa bega wameshikilia ubao. Mtaa mzima tulitoka kuwaangalia wakiteremka kuelekea Port Bell. Walirudi wamejaa vumbi, gurudumu kimya, na Ocaya akimtania kaka yake kwamba kuruti ameiva. Usiku ule Filda alipika kuku, nao wakala chungu kimoja wakicheka.

Funzo

Ndugu zangu, sote tulisifu kazi ya kubabaisha kwa sababu ilikwisha haraka, na aliyekuwa hatarini ni mtoto wa mwingine. Fundi alijua kazi yake haifai tangu siku ya kwanza, lakini alisubiri mpaka mkewe apande ndipo akasema. Kwa hiyo wewe unayetengeneza, nawe unayemtuma mtu barabarani, jiulize swali moja kabla hujatoa ufunguo: mimi na mke wangu tungepanda? Ukiona jibu linakuwia zito, lilaze gari, na umwambie dereva ukweli.