Kadi ya Duka na Ng'ombe wa Gumato

Kila asubuhi Gumato alimkamua Magala kabla watoto hawajaamka. Ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe wengine wote. Magala peke yake ndiye aliyebaki. Maziwa kidogo walikunywa watoto. Mengine Gumato aliyapeleka kuuza mjini Isiolo. Unga, mafuta ya taa na karo ya Huka, mwanawe mkubwa, vyote vilitoka kwa Magala. Kwa hiyo usimlaumu Gumato kwamba siku ile nusura ampige mtu mzima kwa kibuyu cha maziwa.

Mtu huyo alikuwa ajenti wa kampuni iliyouza vyombo vya nyumbani. Alifika kijijini kwao, Chechelesi, amevaa tai, jasho likimtoka.

"Salaam aleikum, mama," alisema. "Deni ya kadi imekuwa kubwa. Jumamosi nakuja na lori. Nachukua huyu ng'ombe."

"Deni gani? Kadi gani?"

"Uliza mzee," ajenti alisema, akaenda zake huku akimtazama Magala kama mali yake.

Gumato aliinua kibuyu amtupie, akajizuia, akaingia ndani. Mumewe, Wako, alikuwa akinywa chai.

"Baba Huka, umeuza Magala bila kuniambia?"

Wako alishtuka. Alitafuta mfukoni, akatoa kadi nyekundu yenye jina la kampuni. Alipewa mwaka uliopita, siku aliyotoka kuuza mbuzi sokoni Oldonyiro. Ajenti alimwambia kwamba kadi ile ni ya watu wakubwa. Unachukua mali leo, unalipa polepole. Walimpa na sinia ya zawadi. Ndipo Wako akachukua cherehani, akamletea mkewe. Gumato alifurahi sana. Alishona magauni machache tu, cherehani ikakwama. Wako akairudisha dukani.

"Ile mashini si ilikufa?" Wako alisema. "Mimi nimerudisha. Wameona kwa macho. Deni inatoka wapi tena?"

Gumato alimwelewa, na hapo hasira ikampanda zaidi. Kwao Waborana, ndugu anaweza kukuazima ng'ombe ukanywe maziwa. Ng'ombe huyo akifa, unampelekea mwenyewe ngozi. Anaiona, anasikitika pamoja nawe, na maneno yanaishia hapo. Wako alikuwa amebeba cherehani mgongoni kama anayepeleka ngozi. Meneja aliipokea, akasema kweli imekufa, akampa na soda. Wako akarudi nyumbani moyo mweupe.

"Hiyo kampuni ni ndugu yako?" Gumato alifoka. "Ilikuja kwa harusi yetu? Ilikuja kwa mazishi ya mama? Watoto watakunywa nini, hiyo kadi?"

Gumato alijifunga leso kiunoni, akaenda kwa jirani yao Natabo. Natabo alikuwa Mturkana, na alifundisha watu wazima kusoma.

"Habari, Mama Huka. Mbona mbio hivyo?"

Gumato alimweleza yote. Natabo alisikiliza, uso ukakunjamana.

"Kwanza, huyo ajenti si korti," alisema. "Hawezi kuingia boma yako achukue mnyama hivi hivi. Akija, mwambie alete amri ya korti. Pili, twende dukani. Na mzee aje."

Dukani, Natabo alimwuliza meneja mbele ya wateja, "Cherehani kama aliyochukua huyu mzee ni pesa ngapi?"

"Elfu mbili."

"Na kwa kadi?"

Meneja alikohoa. "Elfu mbili mia nane. Lakini unalipa polepole."

"Na mtu akichelewa?"

"Riba inaongezeka kila mwezi."

"Na kadi yenyewe?"

"Iko ada kidogo, kila mwaka."

"Mmesikia?" Natabo aliwageukia wateja. "Sinia ya bure, hapo ndipo inalipwa. Mtu wa mshahara, akilipa kabla riba haijaanza, labda kadi itamsaidia. Hata yeye aulize bei ya pesa taslimu kwanza. Lakini sisi pesa yetu inakuja na mvua. Mwezi hautungojei. Tena kadi hii inakufunga kwa duka moja. Duka la jirani likiuza rahisi, wewe unatazama tu."

Gumato hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amesimama mbele ya cherehani moja iliyong'arishwa, yenye karatasi ya bei. Kwenye ubao wake palikuwa na alama iliyounguzwa. Ilikuwa alama ya ukoo wao, ile wanayowapiga ng'ombe kwa chuma cha moto. Wako aliipiga mwenyewe siku aliyoleta cherehani nyumbani.

"Baba Huka! Njoo uone ngozi yako!"

Wako alikuja, akagusa alama ile.

"Hii ni yetu," alisema. "Mmeniambia imekufa. Mmetengeneza, mnauza tena! Na bado mnataka ng'ombe wa watoto wangu? Wezi!"

Wateja walisogea. Nusu yao waliijua alama ile tangu utotoni. Mzee mmoja akasema twende kwa D.O., mkuu wa tarafa, sasa hivi. Meneja akaomba watu wapoe.

"Hatupoi," Gumato alisema. "Andika."

Meneja aliandika kwamba cherehani imerudishwa na deni limekwisha. Natabo alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akamfanya apige muhuri. Wako aliiacha kadi mezani.

"Siku nyingine, ukirudisha kitu, usitoke bila karatasi," Natabo alimwambia. "Soda si risiti."

Jumamosi lori halikuja.

Gumato na wenzake wauza maziwa walianza kuchanga, kila wiki kidogo, wakimpa mmoja wao kwa zamu. Ilipofika zamu yake, alinunua cherehani kwa pesa taslimu, baada ya kuuliza bei katika maduka yote ya mji. Sasa anashona sare za shule, na Magala ana ndama.

Juzi ajenti mwingine alipita Chechelesi na kadi ya kijani. Zawadi safari hii ni birika. Gumato alisimama, kibuyu mkononi, lakini Wako alimtangulia mlangoni. Aliipokea kadi, akaigeuza huku na huku.

"Kitu nitakachochukua na hii kadi," aliuliza, "kikikufa, ngozi yake napeleka kwa nani?"

Ajenti alicheka, akidhani ni mzaha. Wako hakucheka. Alimrudishia kadi yake, akafunga mlango.