Mapipa ya Shimo la Kalavati

Maji ya pipa yalianza kunuka dizeli, na Ernestina akamlaumu mumewe kwa kuleta nyumbani vyombo vya barabarani bila kuvisugua. Mashimba akachota kata, akanusa, akasema hasikii kitu. Alisikia vizuri sana. Juu ya maji zilielea nyuzi za pamba, na pipa lilikuwa limefunikwa tangu asubuhi.

Mashimba alikuwa nyapara wa matengenezo ya barabara nje kidogo ya Somanda, mtu wa maneno matamu. Palipochimbwa shimo la kalavati, kazi yake ilikuwa kupanga mapipa yenye rangi nyekundu na nyeupe ili magari yapunguze mwendo na kufuata mchepuo. Lakini wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake Debora, maji yalikuwa ya shida, na pipa ni pipa. Akayakokota nyumbani kwa mkokoteni. Pale shimoni akalaza matawi mabichi, kama madereva wafanyavyo gari likiharibika. Kilikuwa kiangazi, nyasi zimekwisha, na njia ile ndiyo ya ng'ombe kwenda kunywa. Msukuma mzima, aliyekulia zizini, akasahau ng'ombe! Walilila onyo lote, hata magome.

Msimu ule wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na malori yao yalishindana kuwahi mzigo. Lori lililoendeshwa na kijana Athanasi lilitoka Kasoli mbio usiku, taa moja, watu wamekaa juu ya magunia. Likatumbukia. Athanasi, aliyekuwa ndani, alivunjika mkono. Wale wa juu walirushwa kwenye mawe, na wengi hawakuinuka tena. Mashimba alifika kabla ya polisi. Badala ya kuwashika majeruhi, alikimbia kurudisha mapipa, yote isipokuwa moja lililokuwa limejaa. Polisi wakayaona mapipa, wakasikia habari za mwendo, wakamtia dereva pingu. Mashimba akanyamaza, na aibu ikamkaa kifuani.

Pipa lililobaki halikunyamaza. Jua likiwa linawaka, kuku wakiwa uani, lilitoa honi, nyembamba na ya mbali. Ernestina akalimwaga; kufika jioni lilikuwa limejaa. Kisha Debora, ambaye alikuwa amekunywa maji yale kabla hayajaanza kunuka, akaanza kukohoa, na kila alipokohoa alitoa pamba, kwanza nyuzi, kisha vitonge vilivyolowa dizeli, na mama yake akimvuta kitonge kimoja mdomoni kingine kilikuwa kinafuata, huku uani pipa likigongwa kutoka ndani na mikono mingi kwa pamoja, taratibu, kama watu wanaoomba kushushwa garini.

Mganga Mboje aliletwa mchana. Hakuomba mbuzi wala shanga. Aligonga pipa, likamjibu, akamvuta Mashimba pembeni.

"Wafu hawakufuati," alisema kwa sauti ya chini. "Hili ni jini la barabara. Linaishi kwenye neno ulilolimeza. Kaliseme mbele ya polisi, litatoka."

"Na nikichelewa?"

"Litahama. Litatafuta mahali pazuri zaidi ya maji."

Mashimba alilia mbele ya mkewe, akamweleza yote. Ernestina hakumfariji. Alifunga kitenge, akasema wanakwenda kituoni sasa hivi, naye atasikiliza kwa masikio yake.

Mlangoni mwa kituo alikuwa amekaa Mariana, mama yake Athanasi, na kikapu cha matobolwa, viazi vikavu alivyomchemshia mwanawe. Mashimba akamwamkia kwa Kisukuma kama mama yake, "Mwadila, mayu," akamwambia amekuja kumwokoa kijana. Alikuwa anasema kweli.

Mbele ya sajini alifungua kinywa. Mapipa hayakuwepo: ndilo neno alilolishika ulimini tangu nyumbani. Ladha ya dizeli ikampanda kooni, na sauti ikatoka, yake kabisa, tulivu, tamu kuliko siku zote.

"Mapipa yalikuwepo, afande. Nilimwona dereva akiyapita kwa makusudi. Hata matusi alinitukana."

Alijitahidi kuuma ulimi, lakini ulimi sasa ulikuwa na mwenyewe mwingine. Ukaendelea, ukaeleza mwendo, taa, rangi ya kila pipa, na kilichomtisha zaidi Mashimba ni nafuu aliyoisikia moyoni kadiri ulivyosema. Ernestina alisikia harufu ya dizeli katika pumzi za mumewe. Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni, akatoka mbio kwenda kumwondoa Debora katika nyumba ile.

Nje, Mariana aliinuka kwa shida.

"Umemsemea mwanangu, baba?"

"Nimemsemea, mayu."

"Wabeja," akashukuru. "Wabeja sana." Akapiga magoti, akampa kile kikapu chote, na mkono wa Mashimba ukakipokea, na kinywa kikaanza kula.