Mifupa ya Kukhu Nelima

Kila Jumamosi asubuhi, Trizah na nyanya yake walifua nguo nje ya chumba chao huko Lindi, Kibera. Trizah, msichana wa miaka kumi na miwili, alisugua na kusuuza. Nyanya yake, ambaye alimwita Kukhu kama wafanyavyo Wabukusu, alianika. Kukhu Nelima aliuza mboga za kienyeji. Magunia ya kunde na saga aliyabeba mgongoni mwenyewe kutoka sokoni, na hakutaka kusaidiwa na mtu.

Siku hiyo Kukhu alinyoosha mkono, lakini hakuufikia waya wa kuanikia.

"Nani amepandisha huu waya?" aliuliza.

Trizah alitazama. Waya ulifungwa kwenye msumari ule ule wa siku zote. Ni Kukhu aliyekuwa amepungua kimo, na mgongo wake ulianza kupinda.

Kabla hajasema lolote, Kukhu aliinama kuinua ndoo ya maji. Ghafla alipiga yowe, akashika mgongo na kuketi chini polepole. Jirani yao, Mama Ian, alikuja mbio. Wakamshika huku na huku, wakampeleka kituo cha afya.

"Nyanya, umewahi kuvunjika mfupa?" Daktari Ndinda alimuuliza.

"Hapana, daktari. Ni uchovu tu. Nipe dawa ya maumivu niende sokoni kuchukua magunia yangu."

Trizah alishtuka. Mwaka uliopita Kukhu aliteleza mlangoni, akavunjika kifundo cha mkono na kufungwa plasta wiki sita. Alijua pia kwa nini nyanya yake anaficha. Kukhu aliogopa kuambiwa kwamba hawezi kazi tena, arudi kwao Bungoma akakae tu. Lakini mtoto atampingaje mkubwa mbele ya daktari?

Kukhu alijaribu kusogea kitini, uso ukakunjamana kwa maumivu. Hapo Trizah hakuweza kunyamaza.

"Pole, Kukhu," alisema. "Daktari, alivunjika mkono mwaka jana, na alianguka kidogo tu. Tena amekuwa mfupi. Hafikii waya wa kuanikia nguo."

"Trizah! Unaniaibisha mbele ya watu?"

"Hajakuaibisha, nyanya," daktari alisema. "Amenionyesha pa kutafuta."

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa mmoja wa uti wa mgongo umebonyea. Daktari Ndinda aliwaeleza kwamba ugonjwa huo unaitwa osteoporosisi.

"Umeona mahindi yaliyobunguliwa na wadudu?" alimuuliza Kukhu. "Kwa nje ni mazima, lakini ukiyaminya yanavunjika. Mifupa yako imekuwa hivyo. Ugonjwa huu huwapata sana wanawake wa umri wako. Mifupa haiumi mpaka ivunjike, ndiyo maana watu hawajui."

"Basi nimekwisha," Kukhu alinong'ona.

"Hujaisha. Iko dawa. Na kazi hutaacha. Utaacha kubeba gunia."

Kukhu hakumsemesha Trizah siku mbili nzima. Siku ya tatu alimwita.

"Nisomee hii karatasi ya maagizo aliyotupa daktari."

Kuanzia hapo, kila Jumatatu alfajiri, Kukhu alimeza kidonge kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha akakaa wima nusu saa. Yeye aliyewauzia watu mboga na usiku kula mkate na chai ya rangi tu, sasa alikula saga, dagaa wa omena na maziwa. Gunia lilikuja kwa mkokoteni. Mgongo ulipopoa, Kukhu alianza kwenda sokoni kwa miguu kwenye jua la asubuhi, mikono mitupu. Trizah naye aliondoa ndoo na viatu mlangoni, Kukhu asije akajikwaa.

Mwaka ulipita bila mfupa mwingine kuvunjika. Siku ya kliniki, Daktari Ndinda alimwomba Kukhu azungumze na wanawake waliokuwa wakingoja kwenye benchi. Kukhu alisimama.

"Mimi nilidhani mtu mwenye nguvu ni yule anayeficha maumivu," alisema. "Nilimdanganya daktari, nikakaribia kujiangamiza. Aliyeniokoa ni mtoto aliyesema ukweli huku akiniogopa. Mkiulizwa na daktari, semeni yote. Na mtoto akikwambia jambo ameliona, msikilize."

"Huyo mtoto ni nani?" mwanamke mmoja aliuliza.

Kukhu alimvuta Trizah mbele, akajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Ni huyu," alisema kwa sauti iliyokijaza chumba. "Ni mjukuu wangu."