Mama Anayekaa Tu

Kila asubuhi Domina aliamka akakuta maji ya kuoga yamepashwa moto na uji umeiva. Alikuwa darasa la sita, akiishi Bombambili, mjini Songea. Mwalimu alipowauliza wanafunzi kazi za wazazi wao, alijibu bila kusita: "Baba ni karani. Mama anakaa tu nyumbani."

Wiki hiyo mama alisafiri kwenda Nalasi kumhudumia dada yake aliyejifungua. "Tutanunua kila kitu," alisema baba, Bwana Sixbert. Fedha zilikuwapo, akiba ya gauni ambalo Domina angevaa kanisani siku ya Kipaimara. Baada ya miaka ya uhaba, maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitambaa tena, na Domina alikwisha kuchagua cheupe chenye kung'aa.

Baba alimlipa kijana wa kuleta maji. Alimlipa Benigna, binti wa jirani, amlee Aidani, mdogo wake Domina. Alinunua sembe, kuni na mboga iliyopikwa. Siku ya nne alihesabu kilichobaki, akahesabu tena.

"Baba, gauni langu bado lipo?"

"Nusu yake tumekwisha kuila. Kazi za mama yako zina bei, nami sikuijua."

Domina alitazama chini. "Basi maji nitachota mimi. Na mahindi tunayo ndani."

Kesho yake alichota maji kabla ya shule, na jioni akatwanga mahindi. Hakuyanyunyizia maji kwanza, kwa hiyo punje zilivunjika na pumba hazikutoka. Mama Kunegunda, jirani yao, akachungulia kinuni.

"Mwanangu, unafuga kuku wangapi?"

Alicheka, akashika mchi, akamwonyesha, wakatwanga hadi ukapatikana unga. Ugali alipika baba. Aidani aliuita uji, lakini aliumaliza.

Jumapili mama alirudi, beseni la korosho kichwani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmekaaje?"

"Hatukukaa, Mama," Domina akajibu.

Baba alicheka, akamweleza mkewe yote. "Fedha iliyobaki itanunua kitambaa cha bei nafuu," alimaliza.

"Hicho kinanitosha," Domina alisema.

"Vizuri," baba akamwambia. "Nilidhani mshahara wangu ndio unaoendesha nyumba hii. Kumbe unatosha kwa sababu mama yako anafanya kazi ambazo tungelazimika kuzilipia. Mtu asiyepokea mshahara, usiseme hana kazi."

Domina alimpokea mama beseni, akamvutia kigoda.

"Sasa kaa, Mama."