Waliniambia Ni Utani Tu

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mombasa. Shule niliiacha mapema, kwani miguu yangu haikujua kutulia. Nilitaka kuona watu wa nchi nyingine wanaishije. Ndipo nikafika Dar es Salaam, nikapanga chumba Kariakoo. Laiti ningalipita tu!

Ndugu wasomaji, kila nchi ina fahari yake. Hapa nilimwona mtu kavaa saa ya mkono iliyokufa. Ukimuuliza saa ngapi, anatazama jua! Lakini fahari kubwa ilikuwa baiskeli. Mwenye baiskeli ya taa na kengele mbili haipandi ovyo. Jioni huikokota polepole mtaani, imesuguliwa kwa mafuta ya nazi hadi inameta, ili watu wamwone. Nami nikabeba magunia sokoni mpaka nikapata yangu. Mara majirani wakaanza kuniita Bwana... Na Mwajuma, binti wa Kizaramo, akakubali posa yangu.

Tulikaa vizuri hadi Maganga, Mnyamwezi, kuli wa bandarini, alipohamia chumba cha pili. Siku ya kwanza tu aliingia uani akamwambia Mwajuma, "We mke wangu, wali uko wapi? Au umeshinda ngomani tena?"

"Potelea mbali, mpagazi wewe!" Mwajuma akajibu akicheka. "Kabebe mizigo upate kula!"

Maganga akanigeukia. "Bwana Mombasa, ahsante kwa kunitunzia mke."

Damu ilinichemka! Lakini mama mwenye nyumba alinishika mkono. Akanieleza kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani aweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kumwita mkeo mke wake, na ukikasirika wewe ndiwe mjinga. "Wewe mgeni, mwanangu. Jifunze kucheka."

Nikajifunza kucheka... Lakini moyo haukucheka. Kwa nini Maganga alikuja chumbani kwetu nisipokuwapo? Ile kanga mpya ya Mwajuma, aliinunua nani? Nilipouliza alisema, "Ni utani, mume wangu. Kwenu hakuna?" Maganga akaanza kuipanda baiskeli yangu bila ruhusa. Utani! Akampakia Mwajuma nyuma, wakazunguka mtaa mzima, wanawake wakipiga vigelegele. Utani!

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta chumba cha Maganga kitupu. Sanduku la Mwajuma halipo. Baiskeli haipo. Walikuwa wamepita mchana kweupe mbele ya baraza zote, Mwajuma kapakiwa nyuma, sanduku mapajani, na majirani wakawaaga kwa vicheko: "Mnyamwezi kaiba mke!"

Nikatoka mbio mtaani nikilia, "Jamani, Maganga kanichukulia mke! Kamchukua kweli!"

Mnajua walifanya nini? Walicheka! Wakanipigia makofi. Mzee mmoja, machozi ya kicheko yakimtoka, akasema, "Haya, sasa umekuwa mwenyeji!"

Vijana wenzangu mnaotembea nchi za watu, nawasihi! Mila zao ziheshimuni, chekeni nao. Lakini moyo ukishtuka, msiuzibe mdomo kwa kuogopa kuitwa wageni. Semeni mapema! Mimi niliona aibu kukasirika... na siku nilipolia, hakuna aliyeniamini.